Mtoto asiyetulia darasani hahitaji fimbo, anahitaji mpango

Dawati la shule ya msingi nchini limeundwa kwa watoto watatu. Lina ubao mmoja wa kukalia na mmoja wa kuandikia, vyote vikiwa vimefungwa kwenye fremu moja. Katika shule nyingi za Mbagala, Chamazi, Charambe, Tandale na Bunju, dawati hilo hilo hukaliwa na wanne, mara nyingine watano. Aliye katikati akichezesha miguu, dawati zima linatikisika. Wa kulia penseli inamponyoka, wa kushoto anapaza sauti kumshtaki kwa mwalimu, aliye nyuma anasimama ili aone kuna nini. Mwalimu aliyekuwa akiandika ubaoni anageuka, anamwona mtoto yule yule wa jana na juzi, naye anamwambia yale yale: kaa chini, tulia.

Kwa watoto wengi amri hiyo inatosha. Kwa mtoto mwenye usonji, mwenye ulemavu wa akili, mwenye utindio wa ubongo wa kiwango kidogo, au mwenye tatizo la kukosa umakini na kutotulia ambalo madaktari hulitaja kwa herufi za ADHD, haitoshi hata ikirudiwa mara kumi. Baada ya wiki chache mzazi anaitwa shuleni. Anaambiwa mtoto wake ni mtukutu, kwamba hakufunzwa adabu nyumbani, au kwamba ni heri akae nyumbani kwanza mpaka akue. Hapo ndipo elimu ya watoto wengi inapokatika. Hakuna barua ya kufukuzwa wala kikao cha kamati ya shule. Mama anamshika mkono mwanawe, wanarudi nyumbani, na mwaka unaofuata hawarudi tena.

Makala haya yanamhusu mtoto huyo, wa miaka mitano hadi minane, wa darasa la awali, la kwanza au la pili, katika shule ya umma ya pembezoni mwa Dar es Salaam. Kutulia ni stadi inayofundishwa kwa hatua, kama kusoma na kuandika. Mtoto anayechelewa kuipata anastahili kusaidiwa kama tunavyomsaidia anayechelewa kusoma. Na shule ikumbuke kuwa imemwita ili ajifunze. Akijifunza huku mguu wake ukicheza, shule imefanya kazi yake.

Darasa analokutana nalo

Serikali ilipofuta ada katika elimumsingi kuanzia Januari 2016, uandikishaji ulifurika. Lilikuwa jambo jema, na miongoni mwa walioingia walikuwamo watoto wenye ulemavu ambao zamani wangebaki ndani. Lakini vyumba vya madarasa havikuongezeka kwa kasi ya watoto. Mwaka huo huo nchi nzima ilikuwa katika kampeni ya kuchangia madawati, na shule za Temeke, Majimatitu ya Mbagala ikiwa mfano uliotajwa sana, zilikuwa zikihesabu wanafunzi kwa maelfu. Kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali, na mwalimu mmoja kwa watoto 45 wa shule ya msingi. Mzazi wa Mbagala Kuu au Mbande hahitaji takwimu kujua darasa la mwanawe liko mbali kiasi gani na kiwango hicho.

Shule nyingi za aina hii huendesha masomo kwa awamu mbili. Mtoto wa awamu ya asubuhi huamshwa alfajiri, kabla usingizi haujamtosha. Wa awamu ya mchana huingia darasani wakati bati limeshashika moto. Ndani ya chumba kuna sauti za watoto wengi wakiitikia kwa pamoja, mabega yanayogusana, jasho, na bodaboda zinazopita nje ya dirisha. Mtu mzima mwenye afya njema huchoka humo ndani ya saa moja. Mtoto mwenye usonji, ambaye ubongo wake mara nyingi hushindwa kuchuja sauti na miguso kama unavyochuja wetu, hukutana na vyote hivyo kwa wakati mmoja na kwa nguvu moja. Akiziba masikio na kukimbilia mlangoni, anajiokoa.

Ndiyo maana si haki kumpima mtoto huyu kana kwamba darasa halina mchango wowote katika kutotulia kwake.

Tabia moja, sababu nyingi

Watoto wanne wanaweza kuwa wananyanyuka kwenye dawati kila mara, na kila mmoja akawa na sababu yake.

Wa kwanza ana misuli legevu. Hali hiyo ni ya kawaida kwa watoto wenye ugonjwa wa Down, na hata kwa baadhi ya wenye utindio mdogo wa ubongo ambao hutembea na kukimbia, kiasi kwamba hakuna anayedhani wana ulemavu. Kwake kukaa wima ni kazi nzito. Mgongo unachoka, analala juu ya daftari, anajiegemeza kwa mwenzake, anateleza chini, anasimama kujinyoosha. Kama dawati ni refu na miguu yake inaning'inia hewani, kazi hiyo inakuwa ngumu maradufu. Huyu anahitaji tofali au kipande cha ubao chini ya miguu, na nafasi ya kuegemea ukuta. Kelele za mwalimu hazitaupa mgongo wake nguvu.

Wa pili ana ADHD. Mwaka 1902, daktari wa watoto George Still aliwaeleza madaktari wenzake jijini London kuhusu watoto wenye akili zao timamu wasioweza kujizuia wala kukaza nia kwenye jambo moja. Yeye alidhani ni upungufu katika uwezo wa mtoto kujiongoza kimaadili. Sayansi iliyofuata imeonyesha kwamba ni tofauti katika ukuaji na utendaji wa ubongo, na mara nyingi hurithiwa. Utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2015, uliofanywa na Dustin Sarver, Mark Rapport na wenzao kwa wavulana wa miaka 8 hadi 12, unapaswa kusomwa na kila mwalimu. Wavulana wenye ADHD walipopewa kazi za kushika mambo kichwani, waliojongeza mwili zaidi ndio waliofanya vizuri zaidi. Kwa wavulana wasio na tatizo hilo hali haikuwa hivyo. Inaelekea kujongea huko huusaidia ubongo wa mtoto mwenye ADHD kubaki macho. Ukimlazimisha akae kama sanamu, nguvu zake zote zinaishia kwenye kukaa, na somo linampita.

Wa tatu ana usonji. Pengine sauti na mwanga vimemzidi, au kinyume chake, mwili wake una kiu ya kuruka, kuzunguka na kukandamizwa. Mtaalamu wa Marekani Jean Ayres, aliyechapisha kitabu chake kikuu kuhusu mambo haya mwaka 1972, alisisitiza kuwa zaidi ya milango mitano ya fahamu tuliyofundishwa shuleni, mtoto hutegemea pia hisia ya mizani iliyo ndani ya sikio, na taarifa zinazotoka kwenye misuli na viungo. Pengine pia mtoto huyu hajui nini kinafuata: somo litaisha lini, kengele italia saa ngapi, na mbona mwalimu wa jana leo hayupo. Asiyejua kinachofuata huishi kwa wasiwasi, na wasiwasi hauketi.

Wa nne ana ulemavu wa akili. Wenzake wanaandika sentensi, naye bado hajaweza kutofautisha a na o. Ananyanyuka kwa sababu kilicho mbele yake hakina maana kwake. Mpe kazi ya kiwango chake, ya kulinganisha vifuniko vya chupa kwa rangi au kufuatisha herufi kwa kidole kwenye mchanga, na huenda ukamwona amekaa dakika kumi bila kuambiwa.

Kwa hiyo swali la kwanza la mwalimu na mzazi liwe hili: huyu ananyanyuka wakati gani, na anapata nini akishanyanyuka? Likijibiwa, nusu ya dawa imepatikana.

Anza hospitali

Yapo pia mambo ya kiafya yanayofanana na utukutu na yanayotibika. Mtoto mwenye usaha sikioni hasikii maelekezo, basi hutazama wenzake na kuwafuata kwa kuchelewa. Asiyeona vizuri ubaoni hana sababu ya kutazama mbele. Minyoo huwasha na kukosesha usingizi. Njaa humfanya mtoto awe mkali au azubae, na wengi huingia darasani bila uji. Kuna aina ya kifafa isiyoangusha mtu, ambayo mtoto hukodoa macho sekunde chache kisha akarejea kama hakuna kilichotokea. Mwalimu huona mtoto asiyesikiliza, kumbe ubongo ulizimika kwa muda.

Mzazi aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, aombe mtoto apimwe masikio, macho na damu, na kama shaka ipo aombe rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mwananyamala au ya Temeke. Kutoka huko anaweza kupelekwa Muhimbili, kwa wataalamu wa afya ya akili ya watoto na wa tiba kwa vitendo. CCBRT iliyopo Msasani, ambayo imehudumia watu wenye ulemavu tangu 1994, nayo hutoa huduma za utengamao kwa watoto. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo ndiye hasa fundi wa jambo hili: humtazama mtoto anavyokaa, anavyoshika penseli, anachokimbia na anachokitafuta, kisha humpa mzazi mazoezi ya kufanya nyumbani.

Kwa baadhi ya watoto wenye ADHD daktari bingwa anaweza kuandika dawa, na dawa hizo zina ushahidi mrefu wa kusaidia. Lakini ni yeye tu wa kuamua. Kumnywesha mtoto dawa ya mafua au ya mzio inayoleta usingizi ili "atulie" shuleni ni kumdhuru. Anayesinzia hajifunzi, na mwili wake unabebeshwa kemikali bila sababu. Kumfunga mtoto kwa kanga kwenye kiti au kwenye dawati ni ukatili, hata kama anayefanya hivyo amechoka na anampenda. Tusifichane katika hilo.

Fimbo haifundishi kukaa

Wanaotetea kiboko husema samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo ina hekima ya kuanza mapema, na kuanza mapema ndiko tunakokudai hapa. Ila samaki anayekunjwa kwa pupa huvunjika.

Kanuni za adhabu ya viboko shuleni, kama zilivyotolewa mwaka 2002, zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe kwa kosa kubwa, na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, kisha viandikwe kwenye kitabu. Mwalimu wa darasa la kwanza anayetembea na fimbo mkononi akimgusa kila anayejigeuza, yuko nje ya kanuni hizo. Na hata kanuni zingeruhusu, jambo lenyewe halina matunda. Mtoto mwenye usonji huenda asiunganishe kabisa maumivu ya sasa na kunyanyuka kwake kwa dakika mbili zilizopita. Mwenye ADHD anajua kosa lake na hata anajuta, lakini kesho mwili utamtangulia tena. Kinachobaki kwa wote wawili ni hofu ya shule.

Ushahidi wa nyumbani upo. Katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam, DUCE, kilichopo Chang'ombe katika Wilaya ya Temeke, Mabula Nkuba na wenzake wakishirikiana na watafiti wa Ujerumani walijaribu mafunzo ya walimu yasiyofika wiki moja, yaliyolenga kuwaonyesha njia za kumwongoza mwanafunzi bila kumpiga wala kumdhalilisha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018, kutoka shule za sekondari za umma hapa nchini, yalionyesha kwamba walimu waliopata mafunzo hayo walipunguza ukatili dhidi ya wanafunzi ikilinganishwa na ambao hawakuyapata. Mwalimu wa Kitanzania akipewa njia mbadala, huitumia. Wengi hushika fimbo kwa sababu hakuna aliyewaonyesha kitu kingine.

Mwalimu mmoja mbele ya darasa lililojaa

Mwalimu anayesoma haya anaweza kusema: nina watoto zaidi ya mia, mnataka nimshughulikie mmoja vipi? Ni swali la haki. Basi tuyaangalie mambo ambayo hayahitaji fedha wala chumba kingine.

La kwanza ni mahali pa kukaa. Mtoto huyu akae dawati la mbele, pembeni, upande wa ukuta, mbali na mlango na dirisha linalotazama barabara. Akikaa pembeni, akinyanyuka hamtikisi mwingine, na mwalimu anaweza kumgusa bega bila kukatisha somo. Akae na mwenzake mtulivu anayempenda, naye mwenzake huyo abadilishwe kila baada ya muda ili asichoke. Kama miguu haifiki chini, litafutwe tofali.

La pili ni kugawa muda. Kipindi cha darasa la kwanza ni cha dakika 30. Mtoto anayemudu dakika tatu tu asiombwe 30. Aombwe tatu, asifiwe, apewe sababu halali ya kusimama, kisha aombwe tatu nyingine. Wiki inayofuata ziwe nne. Kosa la kawaida ni kumsubiri mpaka ashindwe ndipo aruhusiwe kusimama, kwa maana hapo amefundishwa kwamba kuvuruga ndiko kunakofungua mlango. Ruhusa itangulie vurugu.

La tatu ni kumpa kazi za mwili zenye heshima. Afute ubao. Agawe madaftari. Apeleke ujumbe kwa mwalimu wa darasa la jirani. Abebe kindoo cha maji ya kunawia. Asukume dawati wakati wa usafi. Kazi zinazokaza misuli huwatuliza watoto wengi wenye kiu ya kujongea, na pia humwondolea mtoto jina baya. Kwa wenzake anakuwa msaidizi wa mwalimu.

La nne ni kulisimamisha darasa zima. Kila baada ya dakika 10 au 15, watoto wote wasimame, wapige makofi kwa mdundo, wanyanyue mikono, wajinyooshe, wahesabu wakiruka pale pale walipo, kisha wakae na kuvuta pumzi ndefu. Hilo halichukui dakika mbili. Walimu wetu wa awali wana hazina ya michezo na nyimbo za kuamsha darasa, na hakuna sababu ya hazina hiyo kuachwa mtoto anapovuka kwenda darasa la kwanza. Wanaofaidika si watoto wenye mahitaji maalumu peke yao. Mtoto wa miaka sita, yeyote yule, hakuumbwa kukaa asubuhi nzima.

La tano ni kumwonyesha kinachofuata. Kipande cha boksi chenye picha nne zilizochorwa kwa mkono, kusoma, kuhesabu, kucheza, kwenda nyumbani, kikibandikwa kwenye dawati lake, na kila kazi ikiisha picha yake ikafunikwa, humpunguzia wasiwasi mtoto mwenye usonji kuliko maneno mengi. Maelekezo yenyewe yawe mafupi, moja kwa wakati, na yaseme la kufanya: "weka mikono mezani" linaeleweka kuliko "acha fujo".

La sita ni kitu mkononi. Mbegu ya ukwaju, kipande cha kamba chenye mafundo, au donge la udongo, mradi kisipige kelele wala kisirushwe. Mkono ukiwa na kazi ndogo, masikio mara nyingi hubaki na mwalimu. Akikichezea badala ya kusikiliza, kichukuliwe kwa upole na kijaribiwe kingine.

La saba ni daftari la mawasiliano. Mwalimu na mzazi wakubaliane mambo mawili au matatu tu ya siku, kwa mfano kumaliza kazi moja na kukaa wakati wa uji. Mwishoni mwa siku mwalimu anaweka tiki au haweki, basi. Nyumbani mzazi anaiona, anampongeza mtoto, anampa kitu kidogo anachokipenda, labda nafasi ya kuchagua mchezo wa jioni. Kwa watoto wenye ADHD hii ni miongoni mwa njia zilizochunguzwa sana na kuonekana kufaa. Sharti lake ni moja: siku mbaya isilete adhabu nyumbani. Mtoto akigundua kuwa daftari ni hati ya mashtaka, litapotea njiani.

Mzazi mwenye kipato asishawishike haraka kununua mafulana ya uzito na viti vya ajabu vinavyouzwa mtandaoni. Tafiti kuhusu mafulana hayo hazijaonyesha faida ya uhakika. Fedha hiyo imfikishe mtoto kwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo.

Nyumbani, kwenye mkeka

Mtoto hawezi kuonyesha darasani stadi ambayo hajawahi kuijaribu mahali palipo tulivu. Nyumbani kuna mkeka, na hapo ndipo mazoezi yaanzie. Mketishe kabla ya chakula, hesabuni pamoja mpaka thelathini, kisha ale. Kesho hesabuni mpaka arobaini. Mpe sinia ya mchele achambue nawe, au maharage. Mfundishe mdako: jiwe linarushwa, mengine yanaokotwa, na asipotazama anapoteza zamu. Mchezo huo wa uani unafundisha kuketi, kusubiri na kukaza macho kwa pamoja.

Kabla ya kwenda shule, mwili upate haki yake. Acheze rede au aruke kamba, au atembee kwa miguu sehemu ya njia kama pana usalama. Alale mapema, hasa wa awamu ya asubuhi. Lebo ya shati la sare inayomkwaruza shingoni ikatwe, na viatu vinavyombana vibadilishwe. Kwa mtoto mwenye hisia kali, kero ndogo kama hizo zinatosha kuharibu siku nzima.

Maneno ya nyumbani na ya shuleni yafanane. Mwalimu akisema "mikono mezani", bibi naye aseme "mikono mezani". Mtoto anayelelewa na mama, shangazi na dada wa kazi, kila mmoja na sheria yake, hana anachoweza kukishika.

Na baba awepo. Katika vikao vya shule na foleni za kliniki, wanaoonekana zaidi ni akina mama na mabibi. Mama wa mtoto mwenye mahitaji maalumu mara nyingi hubeba lawama za ukoo pamoja na mtoto mwenyewe. Anaambiwa amemdekeza, au kwamba ukoo wake una jambo. Lawama hizo hazina ukweli na zinamnyima mtoto mlezi mwenye nguvu. Baba akienda shuleni hata mara moja kwa muhula, mazungumzo ya pale yanabadilika.

Wajibu wa Serikali

Mwalimu na mzazi wakifanya yote haya, bado hawawezi kuyabeba peke yao, na sheria haikuwataka wayabebe. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inasema mtoto mwenye ulemavu atasoma katika shule ya kawaida, ya umma au binafsi, isipokuwa pale panapohitajika mawasiliano maalumu, na kwamba apewe huduma saidizi zinazomfaa kutoka kwa mwalimu mwenye sifa au aliyepangiwa kazi hiyo. Shule inayomwambia mzazi akae na mtoto nyumbani mpaka akue inakwenda kinyume na sheria hiyo.

Shule na vitengo maalumu vipo. Uhuru Mchanganyiko ya Ilala imejulikana kwa miaka mingi kwa kupokea watoto wenye ulemavu wa aina mbalimbali, na Sinza Maalumu, ambayo leo iko Manispaa ya Ubungo, hupokea wenye ulemavu wa akili. Lakini fikiria mama wa Chamazi. Ili amfikishe mwanawe Ilala kwa wakati, atoke nyumbani alfajiri, agombee daladala akiwa na mtoto anayeogopa msongamano, alipe nauli ya watu wawili kwenda, arudi au amsubiri mpaka saa za kutoka, kisha alipe tena. Biashara yake ya mihogo au mama lishe haiwezi kuhimili hilo hata mwezi mmoja. Kitengo kilicho mbali, kwake ni kama hakipo.

Walimu wa elimu maalumu huandaliwa hasa katika Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha. Wanaohitimu wapelekwe kata za pembezoni, na wakifika wasigeuzwe walimu wa darasa la kawaida mpaka ujuzi wao ukapotea. Mwalimu mmoja mwenye ujuzi huo, akipewa nafasi ya kuzunguka shule tatu au nne za kata, anaweza kuwaelekeza walimu wengine wote jinsi ya kupanga viti, kugawa kazi na kuandika daftari la mawasiliano. Kila halmashauri ina ofisa anayesimamia elimu maalumu. Manispaa za Temeke na Kinondoni zimpe usafiri na muda wa kufika shuleni, ili upimaji na ubainishaji wa watoto ufanyike mwanzoni mwa mwaka na kwa utaratibu unaojulikana.

Lingine ni wasaidizi wa walimu. Katika darasa la awali na la kwanza lenye mtoto anayehitaji msaada wa karibu, mtu wa pili, hata kama ni kijana aliyemaliza kidato cha nne na kupewa mafunzo mafupi na posho, angebadilisha maisha ya mtoto huyo na ya darasa zima. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 unamtaka mtoto ajenge umahiri. Umahiri haujengwi katika chumba ambacho mwalimu hawezi hata kupita katikati ya madawati.

Uandikishaji wa darasa la awali na la kwanza unapofika, mzazi, usifiche hali ya mwanao kwa kuogopa kukataliwa. Mwambie mwalimu mkuu anachopenda, kinachomtisha, na anaweza kukaa dakika ngapi. Omba akae mbele, pembeni. Shule ikikukatalia, nenda kwa ofisa elimu kata, kisha kwa ofisa elimu maalumu wa manispaa, na sheria ya mwaka 2010 iko upande wako. Mwalimu, mpokee mtoto huyo, uanze naye kwa dakika tatu.

Nanyi madiwani wa Temeke na Kinondoni, mnapopanga bajeti za kata zenu, hesabuni vyumba vya madarasa na walimu wa elimu maalumu kwa pamoja. Mtoto asiyetulia ana haki ya kujua kusoma jina lake, na muda wa kumfundisha ni sasa, akiwa bado mdogo.